Namba ya Ukurasa Si Anwani



Msimamizi wa tasnifu anaandika pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, maneno machache tu: sehemu ya 2.4 itangulie 2.2. Kwake ni kazi ya sekunde chache. Kwa mwanafunzi ni usiku mzima. Anarudi kwenye faili lake lenye kurasa zaidi ya mia, anazungusha kigurudumu cha mausi mpaka kidole kinachoka, anaitafuta hiyo 2.4, anaiteua kuanzia juu hadi chini, anaikata, anapanda tena kuitafuta 2.2, anaibandika. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Iliyokuwa 2.2 sasa ni 2.3, iliyokuwa 2.3 sasa ni 2.4, na vijisehemu vyote vya ndani, 2.2.1, 2.2.2 na vingine, vinafutwa na kuandikwa upya kimoja kimoja. Majedwali nayo yamebadilishana nafasi. Pale alipoandika "kama ilivyoelezwa katika 2.3" sasa anampeleka msomaji kusiko.

Halafu kuna ukurasa wa yaliyomo. Pita katika steshenari yoyote iliyo karibu na chuo kikuu, msimu wa kukusanya tasnifu, uangalie kwenye kioo cha kompyuta. Utaona jina la sura limeandikwa, kisha mtu amebonyeza kitufe cha nukta, nukta, nukta, mpaka karibu na ukingo wa kulia, ndipo akaandika namba ya ukurasa. Mstari mmoja nukta zake zimeishia mapema, wa pili zimezidi na namba imedondokea chini. Anazipunguza moja moja ili zilingane. Kesho faili linafunguliwa kwenye kompyuta nyingine ya kuprintia, isiyo na fonti ileile, kurasa zinasogea, na orodha nzima ya yaliyomo haisemi kweli tena. Sura ya nne imeandikwa iko ukurasa wa 76, na ukienda 76 unakuta mwisho wa sura ya tatu.

Sioni uvivu hapo. Naona watu wenye bidii nyingi ambao hawakuonyeshwa jambo moja. Wanafunzi wetu hupewa maelekezo makali kuhusu aina ya fonti, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo na nafasi kati ya mistari. Ni mara chache huelekezwa namna ya kuiambia kompyuta kwamba mstari huu ni jina la sura, na huu ni kijisehemu kilicho ndani ya sura hiyo. Ukishaiambia, mengi katika niliyoyataja hufanywa na kompyuta yenyewe. Usipoiambia, hata uwe hodari kiasi gani wa kuchapa, utabaki kuhangaika na kila mstari kwa mkono.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mashine. Wewe ukiona mstari mfupi, umekolezwa, una herufi kubwa na uko katikati ya ukurasa, akili yako inajua mara moja kwamba hicho ni kichwa. Kompyuta haijui. Kwake hayo ni maneno kama maneno mengine, ila yamekolezwa. Haiwezi kuyatenganisha na neno ulilolikoleza katikati ya aya kwa ajili ya kutia mkazo. Ndiyo maana programu za kuandikia, iwe Microsoft Word, LibreOffice Writer au Google Docs, zina kitu kinachoitwa mitindo. Mtindo ni jina unaloipa aya: hii ni kichwa cha ngazi ya kwanza, hii ya ngazi ya pili, hii ni maandishi ya kawaida, hii ni nukuu. Word ina ngazi tisa za vichwa, Google Docs ina sita. Tasnifu nyingi hazihitaji zaidi ya tatu, na mimi nasema ukijikuta unaandika 3.2.1.4.2, simama kwanza uulize kama msomaji bado yuko nawe.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Najua hata hivyo kwamba wengi wenu mnatumia programu zenye menyu za Kiingereza, kwa hiyo nitataja majina kama mnavyoyaona kwenye kioo. Ngazi ya kwanza imeandikwa Heading 1, ya pili Heading 2, na kuendelea. Weka kishale popote kwenye mstari wa jina la sura, shikilia Ctrl na Alt kwa pamoja, kisha bonyeza 1. Kwa kijisehemu bonyeza 2, na kwa kilicho ndani yake bonyeza 3. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye Word na Google Docs. Ukiwa na LibreOffice, ni Ctrl na namba, bila Alt.

Hapa ndipo wengi hukimbia, na sababu yao ninaielewa. Ukibonyeza hivyo kwenye Word, jina la sura linageuka rangi ya bluu na kuvaa fonti usiyoichagua. Chuo kimesema Times New Roman, nukta 12, rangi nyeusi. Mwanafunzi anashtuka, anarudisha nyuma, anakoleza mwenyewe kama alivyozoea, na tangu siku hiyo hagusi tena kitu hicho. Laiti angeonyeshwa hatua inayofuata! Kirekebishe kichwa kimoja tu kiwe kama chuo kinavyotaka: rangi nyeusi, fonti yake, ukubwa wake, katikati. Kikiwa bado kimeteuliwa, nenda juu kwenye jina Heading 1, libofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague maneno ya kwanza kabisa, yale yanayoanza na Update. Papo hapo majina yote ya sura, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, yanafuata mwonekano huohuo. Na baadaye chuo kikibadili mawazo kikataka herufi za ukubwa wa 14, unabadili sehemu moja tu.

Sasa nizungumzie anwani, yaani namna ya kumwelekeza msomaji mahali ndani ya maandishi bila kutegemea namba ya ukurasa. Mwislamu akitaka kukuelekeza kwenye Ayatul Kursi atakwambia Suratul Baqara, aya ya 255. Hatakuuliza una msahafu mkubwa au mdogo, umechapwa Madina au Kairo. Juzuu 30 zipo pia, nazo zimegawa Kurani kwa urefu, zinamfaa sana mtu anayetaka kuhitimu katika mwezi wa Ramadhani. Lakini mtu akitaja maneno yenyewe, hutaja sura na aya. Wakristo nao husema Yohana 3:16, na mtu wa Mwanza na mtu wa Lubumbashi, wenye Biblia za matoleo tofauti, hufika mahali pamoja. Mgawanyo huo wa Biblia katika sura unahusishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia zilitoka kwa mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551.

Wanasheria hufanya vivyo hivyo. Uhuru wa maoni uko katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, hata Katiba yenyewe ichapwe kwa herufi ndogo kiasi gani. Tena sheria zina nidhamu kubwa zaidi. Ilipoongezwa ibara mpya kuhusu mamlaka ya utoaji haki baada ya ile ya 107, iliitwa 107A, ikafuatiwa na 107B, na ile ya 108 ikabaki na namba yake, kwa sababu hukumu na vitabu vilivyokwisha kuchapwa tayari vinaitaja. Kitu kilichochapwa na kutumiwa na wengi hakiwezi kubadilishwa namba ovyo.

Tasnifu inayoandikwa bado, au ripoti, au mswada wa kitabu, haina kizuizi hicho. Namba zake ziko huru kubadilika kila siku mpaka siku ya kuchapwa. Kwa hiyo haifai kuziandika kwa mkono. Word ina orodha ya namba za ngazi nyingi. Chagua ile iliyounganishwa na Heading 1, Heading 2 na Heading 3, na namba zitajiandika zenyewe mbele ya kila kichwa. Ukiihamisha 2.4 ikatangulia 2.2, inakuwa 2.2 yenyewe, na zilizo chini yake zinajipanga. Na unapotaka kusema "tazama sehemu ya 2.3", usiichape hiyo 2.3. Kwenye menyu ya References kuna amri ya kuingiza rejeo la ndani. Unachagua kichwa unachokikusudia na programu inaandika namba yake. Siku ya mwisho, unateua kazi yote kwa Ctrl na A, unabonyeza F9, na namba za marejeo pamoja na yaliyomo zinasahihishwa. Utaulizwa kama unataka kusahihisha namba za kurasa peke yake au orodha nzima. Kama uligusa majina ya vichwa, chagua orodha nzima. Majedwali na michoro nayo ina utaratibu wake wa kupewa majina na namba, na orodha yake hutengenezwa kwa namna ileile. Zile nukta za kufikia ukingo wa kulia huchorwa zenyewe, zikiwa zimelingana.

Lakini kuokoa muda si jambo kubwa kuliko yote kwangu. Kubwa kwangu ni lile linalotokea pale vichwa vinapoonekana peke yake.

Ukishaviwekea vichwa mitindo, fungua menyu ya View kwenye Word uweke alama kwenye Navigation Pane. Kwa LibreOffice bonyeza F5. Kwa Google Docs muhtasari huo hukaa upande wa kushoto. Kidirisha kidogo kinafunguka pembeni, na ndani yake kuna vichwa vyako tu, kila kijisehemu kimeingizwa ndani kidogo chini ya kikubwa chake. Ukibofya kichwa, unapelekwa hapo. Kwenye Word, ukikishika kichwa kwa mausi ukakiburuta juu au chini, kinakwenda na kila kilicho chini yake: aya, majedwali, tanbihi na vijisehemu. Lile agizo la kalamu nyekundu sasa ni kazi ya mkono mmoja.

Sasa acha kuhamisha, tazama tu. Katika tasnifu nyingi nilizowahi kuzitazama hivyo, jambo la kwanza unaloliona ni neno Utangulizi limejirudia mara tano na Hitimisho mara tano. Kila sura ina vyake. Ni utaratibu wa vyuo, sitaki kubishana nao. Ila angalia yaliyo katikati. Sura ya pili ina vijisehemu kumi na viwili, sura ya tano ina kimoja. Maana yake mtafiti amesoma sana yale waliyoandika wengine na amesema machache kuhusu alichokikuta yeye mwenyewe. Angalia tena: kuna 3.2.1 lakini hakuna 3.2.2. Kitu kimegawanywa kikatoka kipande kimoja. Ama kuna kipande kilichosahaulika, ama hakikuhitaji kugawanywa. Angalia na haya: kichwa kimoja kinasema "Changamoto", kingine, kurasa thelathini mbele, kinasema "Vikwazo". Mwandishi alisahau kwamba jambo hilo alikwisha kulisema. Ukisoma ukurasa kwa ukurasa, hayo yote yanajificha, kwa sababu kila ukurasa peke yake unaweza kuwa mzuri. Kwenye kidirisha kile yanaonekana kwa mara moja.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa tasnifu walio pamoja nasi jioni hii: kabla hujasoma aya ya kwanza, omba faili lenye vichwa vya kweli, ukae dakika chache na vichwa peke yake. Utajua kazi imesimama au imelala. Na wewe mwandishi fanya hivyo kabla ya msimamizi. Viandike vichwa mapema, hata kabla ya aya zenyewe, na viwe vinasema jambo. "Matokeo" hakisemi kitu. "Kwa nini wavuvi waliacha nyavu za zamani" kinasema, na kinakulazimisha uyatimize uliyoyaahidi.

Wazo hili la kuviona vichwa peke yake ni la zamani kuliko programu nyingi tunazozitumia. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Mmarekani Douglas Engelbart alikaa mbele ya wataalamu wenzake kwa muda wa dakika 90 hivi akiwaonyesha mfumo alioutengeneza na wenzake. Wengi humkumbuka kwa mausi, ambayo ilionyeshwa hadharani siku hiyo. Lakini alichofanya nayo ndicho kinachonigusa. Alichukua orodha ya vitu vya kununua, akaipanga kwa makundi, akayafunga makundi yakabaki majina tu, akayafungua tena, akavihamisha vitu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Miaka sita kabla, mwaka 1962, alikuwa ameandika ripoti ndefu kuhusu namna mashine zinavyoweza kuiongezea nguvu akili ya binadamu katika kukabili mambo magumu. Kufunga na kufungua sehemu za maandishi, kuona umbo la jumla kisha kushuka kwenye undani, kwake ilikuwa namna ya kufikiri. Nusu karne na zaidi imepita. Uwezo huo umo ndani ya kompyuta ya kila steshenari mjini, na wengi bado wanazungusha kigurudumu.

Kuna msomaji mwingine ninayetaka kumtaja, na kwake jambo hili ni la haki. Katika vyuo vyetu wamo wanafunzi na walimu wasioona, ambao kompyuta huwasomea kwa sauti. Programu mojawapo inayotumika sana ni NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, na hutolewa bure. Sauti ya eSpeak inayokuja ndani yake ina Kiswahili pia. Mtu anayeona huipitia ripoti ndefu kwa macho, anaruka hapa, anatua pale. Asiyeona, akiwa kwenye hali ya kuvinjari ya NVDA, hubonyeza herufi H na programu inampeleka kwenye kichwa kinachofuata na kumsomea. Akibonyeza 1 anakwenda kwenye jina la sura inayofuata, akibonyeza 2 kwenye kijisehemu cha ngazi ya pili. Hayo yote yanategemea kama mwandishi aliweka mitindo. Kama alikoleza tu, H haipati kitu. Programu inamwambia hakuna kichwa kinachofuata, ndani ya waraka wenye sura sita. Kilichobaki ni kusikiliza mstari kwa mstari, tangu shukrani na tabaruku, mpaka afike anapopataka. Ofisi inayotoa waraka wa umma wenye kurasa mia tatu bila kichwa hata kimoja cha kweli imemfungia nje raia huyo, hata kama haikukusudia.

Na hata kwa anayeona, ripoti nyingi siku hizi tunazisoma kwenye simu, zikiwa PDF. Ukihifadhi waraka kama PDF kutoka Word, fungua sehemu ya chaguo za ziada, uweke alama panaposema bookmarks zitengenezwe kutokana na vichwa. Msomaji ataweza kufungua orodha ya vichwa na kwenda moja kwa moja kwenye wilaya yake au mada yake, bila kusugua kioo kwa kidole kurasa mia mbili.

Nitaje haraka machache yanayosumbua. Kurasa za mwanzo za tasnifu, yaani ikisiri, shukrani na yaliyomo, hupewa namba za Kirumi, na sura ya kwanza huanza na 1. Hilo haliwezekani mpaka uugawe waraka katika sehemu mbili kwa amri ya kukata sehemu iliyo kwenye menyu ya Layout, halafu utenganishe kijachini cha sehemu ya pili na kile cha ya kwanza. Wengi hugawa, wakasahau kutenganisha. Ukitaka sura ianze ukurasa mpya, usibonyeze Enter mara ishirini. Bonyeza Ctrl na Enter mara moja. Na ukifungua faili asubuhi kwenye Word, bonyeza Shift na F5, utapelekwa mahali ulipoachia kuandika.

Vipi kuhusu kuandika kila sura katika faili lake? Wako wanaopenda, na kwa kitabu chenye waandishi wengi ina maana. Kwa tasnifu ya mtu mmoja siipendekezi. Namba hazifuatani, marejeo ya ndani hayavuki kutoka faili moja hadi jingine, na siku ya kuunganisha ndipo kila sura inapokuja na fonti yake. Faili moja, lenye vichwa vya kweli, na nakala yake iliyohifadhiwa mahali pengine kila siku, linatosha.

Huenda unasema: mimi nimekwisha kuandika kurasa mia na hamsini, vichwa vyote nimekoleza kwa mkono, na nakusanya mwezi ujao. Hujachelewa. Kama vichwa vya ngazi moja vyote umevikoleza kwa namna moja, weka kishale kwenye kimojawapo, nenda kwenye Home, upande wa kulia pameandikwa Select, uchague kuteua maandishi yote yanayofanana na hayo. Word itaviteua vyote kwa mara moja. Angalia kwanza kama haikubeba na maneno mengine yaliyokolezwa ndani ya aya, kisha ubofye Heading 2, au ngazi yoyote iliyo yake. Futa namba ulizoziandika kwa mkono kabla ya kuwasha zile za programu, la sivyo utakuwa na namba mbili mbele ya kila kichwa. Futa na ukurasa wa yaliyomo wa zamani, pamoja na nukta zake zote, uingize mpya kutoka menyu ya References.

Na ninyi vijana wa steshenari, mnaopokea flashi za watu saa nne usiku na kuombwa "mnipangie tu hii kazi", mnaweza kutengeneza kiolezo kimoja kwa kila chuo kilicho karibu nanyi: vichwa vitatu vikiwa na fonti inayotakiwa, namba zimeshaunganishwa, kurasa za mwanzo zimeshatenganishwa, yaliyomo yameshawekwa mahali pake. Kihifadhini kama kiolezo cha Word, na kila anayekuja aanzie hapo. Mimi naona hiyo ni kazi ambayo ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo chenyewe ilipaswa kuifanya, ikampa kila mwanafunzi siku anaposajili pendekezo lake la utafiti. Mpaka watakapofanya, mnaoweza, anzeni ninyi.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu tanbihi na orodha ya marejeleo.